Pipa Likikwama: Kuifufua Mashine ya Zamani ya Kukaushia Nguo

Somo hili ni kwa ajili ya kamati za parokia zinazosimamia hospitali, vituo vya afya, hosteli na nyumba za watoto. Ni kwa ajili pia ya marafiki wetu wanaotuma vifaa kutoka ng'ambo. Tunashauri lisomwe katika kikao, kisha kamati iende pamoja na fundi hadi chumba cha kufulia na kuliangalia kwa vitendo.

Katika vyumba vingi vya kufulia vya taasisi zetu imesimama mashine ya kukaushia nguo ambayo haikaushi. Ilikuja katika kontena pamoja na vitanda, viti vya magurudumu na masanduku ya vitabu. Ilifanya kazi kwa muda, kisha siku moja ikavuma bila kuzunguka, ikatoa harufu ya kuungua, ikazimwa. Sasa juu yake zimepangwa ndoo na sabuni. Katika kumbukumbu za kikao imeandikwa kwamba mashine imekufa, na kikao hichohicho kikaazimia kuandika barua ya kuomba nyingine.

Somo letu lina jambo moja kubwa: kabla ya kuandika barua hiyo, ifungueni mashine. Pipa lililokwama si lazima liwe na maana kwamba mashine imekufa. Inawezekana ni kifaa kimoja kidogo, kinachoenea kiganjani, ambacho kimekataa kuzunguka na kuvizuia vingine vyote. Kamati inayojua ni kifaa gani kimekataa inaweza kutengeneza, au inaweza kuomba kitu sahihi. Kamati isiyojua itaomba mashine nzima, na mashine hiyo nayo itakwama kwa sababu ileile.

Wakati wa kiangazi jambo hili halionekani kuwa zito, kwa sababu jua letu hukausha shuka bila gharama. Lakini masika yakifika, shuka za wodi ya wazazi na nguo za chumba cha upasuaji hukaa kwenye kamba siku mbili na bado zina unyevu. Hapo ndipo mashine iliyowekewa ndoo juu huanza kukumbukwa.

MASHINE INAFANYAJE KAZI?

Maelezo yetu yanahusu hasa mashine za nyumbani za Marekani za kampuni ya Whirlpool, za muundo wa zamani, ambazo chujio lake huchomolewa kutoka juu. Mashine hizi ziliuzwa pia kwa majina mengine kama Kenmore na Roper. Mashine za Ulaya zina tofauti kadhaa, lakini njia ya kuzichunguza ni ileile.

Ndani ya bodi ya bati kuna pipa kubwa lililolala. Ukingo wa nyuma wa pipa unakalia rola mbili ndogo za mpira, moja kulia na moja kushoto. Ukingo wa mbele unateleza juu ya ukanda wa kitambaa kizito cha felti. Pipa lenyewe halina mota yake. Linazungushwa na mkanda mwembamba mrefu unaolizunguka lote, halafu unapita kwenye puli ya mota iliyo chini. Karibu na mota kuna puli nyingine ndogo ya kukazia mkanda, inayovutwa ili mkanda usilegee.

Upande wa pili wa mota, kwenye mhimili uleule, imefungwa feni. Kwa hiyo mota moja inafanya kazi mbili: inazungusha pipa na inavuta hewa. Hewa hupita kwenye hita, ikapata joto, ikaingia katika pipa, ikachukua unyevu wa nguo, ikapita kwenye chujio na kutoka nje kwa bomba.

Mota huzunguka kwa kasi kubwa, mara 1,725 hivi kwa dakika kwa umeme wa Marekani. Pipa, kwa kuwa ni kubwa na puli ya mota ni ndogo, huzunguka polepole, kama mara 50 tu kwa dakika. Hii ndiyo sababu mota ndogo inaweza kubeba mzigo wa shuka mbichi. Na ndiyo sababu pia kizuizi kidogo huweza kuisimamisha. Rola ikikauka, au sarafu ikibana kwenye ukingo, mota inashindwa.

TAHADHARI KWANZA

Mashine hii hutumia umeme mwingi kuliko kifaa chochote cha chumba cha kufulia. Hita yake peke yake hufika wati 5,000 au zaidi. Kwa hiyo:

- Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi ya mashine hakutoshi. Kama mashine imeungwa moja kwa moja bila plagi, zima swichi kubwa na weka mtu wa kuilinda.
- Kama mashine ni ya gesi, usiiguse mpaka apatikane fundi wa gesi. Utaitambua kwa bomba la chuma linaloingia nyuma yake.
- Mashine nyingi za Ulaya zina kapasita ya kuwashia mota. Kapasita huweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Kazi hiyo aifanye fundi umeme.
- Vaa glavu nzito. Kingo za bati la ndani hukata kama wembe.
- Usiiache mashine ivume bila kuzunguka. Mota iliyokwama hupata joto upesi, na nyuzi zake zikiungua, tatizo dogo limekuwa kubwa.

SIKILIZA, KISHA ZUNGUSHA KWA MKONO

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji hata bisibisi. Muulize anayefua nguo kila siku mashine ilifanya nini kabla haijasimama. Yeye ndiye aliyeisikia. Je, ilipiga kelele ya kukwaruza kwa wiki kadhaa? Ilianza kugonga? Ilinuka mpira ulioungua? Au ilinyamaza ghafla?

Kisha, plagi ikiwa imechomolewa, fungua mlango, ingiza mkono na uzungushe pipa. Litakupa jibu moja kati ya haya manne:

1. Linazunguka kwa wepesi kabisa, kama gurudumu la baiskeli lililoinuliwa. Mkanda umekatika au umetoka mahali pake. Pipa halijakwama.

2. Linazunguka kwa uzito wa kadiri, sawasawa, bila kukwaruza. Mkanda upo na rola ni nzima. Kama mashine haiwaki kabisa, tatizo liko kwenye umeme: swichi ya mlango, fyuzi ya joto, au waya.

3. Linazunguka kidogo, linagota mahali palepale kila mara. Kuna kitu kimebana kati ya pipa na bodi: sarafu, kifungo, waya wa sidiria, au kipande cha shuka.

4. Halizunguki, au linazunguka kwa nguvu nyingi huku likikwaruza. Hili ndilo pipa lililokwama. Sababu ni rola, puli ya kukazia, felti iliyokwisha, mkanda uliojisokota kwenye puli, au mota yenyewe pamoja na feni yake.

Andikeni jibu hilo katika daftari kabla ya kuendelea.

KUIFUNGUA MASHINE

Mahitaji ni machache: bisibisi ya nyota, spana ndogo, kisu kipana kisicho na makali cha aina anayotumia mpaka rangi, koleo, brashi, kitambaa kikavu na tochi. Weka kikombe cha kutunzia skrubu.

Chomoa chujio. Fungua skrubu mbili zilizo kwenye tundu lake. Ingiza kisu kipana kwenye ufa ulio kati ya kifuniko cha juu na bati la mbele, kama sentimita tano kutoka kila kona, na usukume ndani. Kuna vishikizo viwili vya springi. Vikiachia, kifuniko kitainuka kama boneti ya gari.

Tazama ndani kwa tochi kabla ya kugusa. Mashine iliyokaa muda mrefu huwa na viota vya panya, na panya hula maganda ya waya. Angalia pia jinsi mkanda ulivyopita. Kama kuna simu yenye kamera, pigeni picha. Itasaidia sana wakati wa kurudisha.

Chomoa waya wa swichi ya mlango. Fungua skrubu mbili za ndani zinazoshika bati la mbele juu, kulia na kushoto. Msaidizi ashike pipa, kwa maana bati la mbele ndilo linalobeba upande wa mbele wa pipa. Inua bati hilo litoke kwenye ndoano zake za chini. Kisha ingiza mkono chini ya pipa, sukuma puli ya kukazia ili mkanda ulegee, uutoe kwenye puli ya mota. Sasa pipa linatoka kwa mbele.

KILA KIFAA KIJIBU CHENYEWE

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Vifaa vikiwa vimeungana, kimoja kikikataa vyote husimama, na huwezi kujua mkosaji ni nani. Pipa likishatoka, kila kimoja kinasimama peke yake na unaweza kukiuliza.

Zungusha rola ya kulia kwa kidole, halafu ya kushoto. Rola nzima huzunguka kwa wepesi na haichezi. Rola mbovu inakwaruza, haisogei, au inayumba kwa sababu tundu lake la katikati limepanuka.

Zungusha puli ya kukazia. Nayo ina mhimili wake mdogo unaoweza kukauka au kushika kutu.

Zungusha puli ya mota kwa mkono. Inapaswa kwenda kwa ulaini, na feni iende pamoja nayo. Ikikataa, usiseme haraka kwamba mota imekufa. Fungua njia ya hewa na uitazame feni. Soksi iliyopita pembeni ya chujio, au vumbi la nyuzi lililoshikana na unyevu, huweza kuibana feni mpaka mota ishindwe kugeuka. Ukiondoa kizuizi na mota ikazunguka kwa ulaini, yaelekea bado ni nzima. Kama feni iko huru na mota bado ni nzito, basi beringi zake zimekwisha.

Tazama felti ya mbele. Ikiliwa mpaka bati likagusana na bati, pipa hushuka, hukwaruza, na huacha alama nyeusi kwenye nguo. Kama nguo zilitoka na alama hizo kabla ya mashine kusimama, jibu mmeshalipata.

Mwisho, angalia mkanda wote, sentimita kwa sentimita. Mkanda wenye nyufa au nyuzi zilizochomoza umekwisha hata kama haujakatika.

KUTENGENEZA

Rola iliyokauka tu, ambayo tundu lake halijapanuka, huweza kuokolewa. Toa kibanio kinachoizuia, ichomoe, futa mhimili wake, ondoa kutu kwa msasa laini, pangusa kabisa, weka tone moja la oili nyepesi ya mashine, urudishe. Tone moja linatosha. Oili nyingi au grisi hukamata vumbi la nyuzi, na baada ya muda rola hukwama tena vibaya zaidi. Mafuta ya kupikia yasitumike kabisa, kwa kuwa huganda na huweza kushika moto.

Rola ambayo tundu lake limepanuka ibadilishwe, na zibadilishwe zote mbili kwa pamoja, kwa maana zimetembea safari moja. Kama spea haipatikani, fundi mwenye mashine ya kukereza vyuma anaweza kuchonga bushi mpya ya shaba na kuipachika katikati ya rola ya zamani. Mpelekee rola pamoja na mhimili wake, asipime kwa kukisia.

Mkanda hauna mbadala mzuri. Kamba iliyofungwa fundo huruka na kuteleza, na kuteleza huleta joto. Mkanda wa gari ni mnene mno kwa puli hii. Kwa modeli nyingi za aina tunayoizungumzia, mkanda una mzunguko wa sentimita 234 hivi na upana wa milimita 6 hivi, wenye mifereji mitatu midogo. Lakini msiagize kwa vipimo hivi peke yake. Andikeni namba kamili ya modeli, ambayo iko kwenye kibandiko pembeni ya mlango wa mashine. Namba hiyo ina thamani kuliko maelezo ya ukurasa mzima.

Kama mota inavuma lakini inaanza kuzunguka ikisaidiwa kwa mkono, yaani puli ikigeuzwa wakati umeme umezimwa inakwenda vizuri lakini umeme ukiwashwa haianzi, tatizo liko kwenye sehemu ya kuanzishia mota. Kwa mashine za Marekani ni swichi iliyo ndani ya mota au nyuzi zake. Kwa za Ulaya huenda ni kapasita, nayo si ghali. Hapa mwachieni fundi umeme.

Fyuzi ya joto inahitaji neno la pekee. Ni kifaa kidogo cheupe kilichofungwa kwenye njia ya hewa. Katika mashine nyingi za aina hii, hewa ikipita nyuzi joto 91 za selsiasi, fyuzi hukatika na haijirudishi. Mafundi wengine huunganisha waya pale mahali pake ili kazi iendelee. Kamati isikubali jambo hili hata kwa siku moja. Fyuzi ilikatika kwa sababu hewa ilikuwa haitoki. Ukiunganisha waya, umeondoa mlinzi wa mwisho kati ya joto na shuka.

KURUDISHA NA KUJARIBU

Kabla ya kurudisha pipa, ondoeni vumbi la nyuzi lote chini ya bodi, nyuma ya hita na ndani ya bomba la kutolea hewa. Rudisheni pipa likalie rola. Mkanda uzunguke pipa ukiwa na mifereji yake kwa ndani, yaani upande unaogusa pipa, kisha upite kwenye puli ya kukazia na kwenye puli ya mota kama ulivyokuwa katika picha yenu. Rudisheni bati la mbele, waya wa swichi ya mlango na skrubu zote.

Zungusheni pipa kwa mkono mara kadhaa kabla ya kuwasha umeme. Mkanda ukae mahali pamoja, usitembee mbele wala nyuma. Halafu washeni mashine tupu bila joto kwa dakika tano. Wekeni kiganja juu ya kifuniko na msikilize. Ikienda vizuri, washeni joto. Hakikisheni hewa inatoka kwa nguvu nje ya jengo. Ndipo mweke nguo, nusu ya mzigo kwanza.

VUMBI LA NYUZI NA HATARI YA MOTO

Idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia mambo ya moto ilikadiria kwamba kati ya mwaka 2008 na 2010 mashine za kukaushia nguo zilisababisha moto wa majumbani mara 2,900 kila mwaka, ukaua watu 5 na kujeruhi 100 kwa mwaka. Sababu iliyoongoza ilikuwa kutosafisha, asilimia 34. Huko ni nchi yenye magari ya zimamoto karibu. Sisi tujiulize ingekuwaje katika hospitali iliyo mbali na mji.

Kwa hiyo chujio lisafishwe baada ya kila mzigo, siyo kila siku. Bomba la hewa liwe la bati, fupi, lenye kipenyo cha sentimita 10, na litoke nje ya jengo. Nguo au matambara yaliyolowa mafuta, petroli au spiriti yasiingie kamwe. Na mashine isiachwe ikifanya kazi wakati chumba kimefungwa.

UMEME WA MAREKANI NA UMEME WETU

Kuna mashine inayokwama kwa sababu nyingine: ilikuja katika nchi yenye umeme usio wake. Mashine ya Marekani imetengenezwa kwa namna ya pekee. Hita yake hutumia volti 240, lakini mota yake hutumia volti 120, na zote kwa mizunguko 60 kwa sekunde. Umeme wa Tanzania na Kenya ni volti 230 hadi 240 na mizunguko 50.

Maana yake ni kwamba hita huweza kukubali umeme wetu, lakini mota haikubali. Ukiipa volti 230 moja kwa moja, itaungua mara moja. Ukiipa transfoma ya kushusha volti, itazunguka, lakini kwa kuwa mizunguko ya umeme ni pungufu, kasi yake hushuka kwa sehemu moja ya sita na joto lake huongezeka. Feni nayo hupungua kasi, hewa inapungua, nguo zinachelewa. Mota kama hiyo huchoka mapema. Dawa bora ni kufunga mota ya volti 230 ya mizunguko 50 inayolingana, na kazi hiyo ifanywe na fundi umeme mwenye leseni.

Pia, mashine hii haiwezi kutumia soketi ya kawaida. Soketi ya ampea 13 hubeba wati 2,990 tu kwa volti 230. Hita ya wati 5,000 inahitaji karibu ampea 22. Lazima iwe na waya wake mnene kutoka kwenye mita, swichi yake, na waya wa ardhi. Plagi iliyoyeyuka ni dalili kwamba jambo hili lilipuuzwa.

Kamati ipige pia hesabu ya matumizi. Mzigo mmoja wa dakika 45 huweza kula karibu uniti 4 za umeme. Mizigo sita kwa siku ni uniti 24. Zidisheni kwa bei ya uniti mnayolipa, halafu kwa siku za mwezi. Huenda mkaamua kwamba mashine itumike siku za mvua tu, na siku za jua kamba zifanye kazi yake. Huo ni uamuzi wa busara na hauna aibu yoyote. Nguo zilizokamuliwa vizuri kabla ya kuingia kwenye mashine nazo hupunguza sana muda na gharama.

LINI TUSEME BASI?

Si kila mashine inafaa kufufuliwa. Kamati iseme basi kama nyuzi za mota zimeungua na mota inayofaa haipatikani, kama waya za ndani zimeungua mahali pengi, kama pipa limepasuka, au kama gharama ya kutengeneza inakaribia ya mashine iliyo nzuri. Hata hapo msiitupe nzima. Rola, puli, mkanda, swichi na fyuzi zitolewe, zisafishwe, ziandikwe modeli yake, zitunzwe. Mashine mbili mbovu za modeli moja huweza kuwa moja nzima.

KWA KAMATI ZA PAROKIA

Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila mashine iwe na daftari lake. Iandikwe modeli, tarehe ya kuwasili, nani aliitoa, kila tatizo na kila tengenezo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mashine nayo ni mali.

Pili, mtu mmoja awe na dhamana ya mashine, na awe ni yule anayeitumia. Apewe ruhusa ya kuizima inapoanza kukwaruza, bila kuogopa kwamba atalaumiwa kwa kuiharibu. Anayeogopa lawama atanyamaza mpaka mashine ikwame.

Tatu, iwepo bajeti ndogo ya matengenezo ya kila mwaka. Mkanda na rola ni vitu vya kuisha, kama matairi ya gari. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nne, fundi akija, kijana mmoja wa parokia akae naye tangu mwanzo hadi mwisho. Ujuzi usiondoke na pikipiki ya fundi.

KWA MARAFIKI NA WAFADHILI

Tunashukuru kwa kila kontena linalofika. Kwa sababu ya shukrani hiyo tunapenda kusema ukweli. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha uchunguzi kuhusu vifaa vya hospitali katika nchi zenye kipato kidogo, wakakuta kwamba karibu asilimia 40 ya vifaa hivyo havikuwa vinafanya kazi. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa utoaji wa vifaa tiba, ukiwahimiza watoaji na wapokeaji kuzungumza kabla ya kutuma. Mashine ya kufulia si kifaa tiba, lakini fundisho ni lilelile.

Kabla ya kutuma mashine, tuandikieni namba ya modeli, volti na mizunguko ya umeme iliyoandikwa kwenye kibandiko. Tutawajibu kama itafaa. Mkiituma, ambatanisheni kitabu cha maelekezo, mikanda miwili, rola mbili, puli moja ya kukazia, felti na fyuzi mbili za joto. Vitu hivi vyote vinaweza kuingia katika boksi moja dogo, na huenda vikaiongezea mashine miaka mingi.

Na mkipokea kutoka kwetu barua isiyoomba mashine, bali mkanda mmoja wenye namba yake, msidhani tumeomba kidogo. Barua hiyo ina maana kwamba kuna watu waliofungua mashine, wakauliza kila kifaa, na wakapata jibu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKAO

1. Katika taasisi yetu kuna mashine gani zilizosimama? Nani alisema zimekufa, na alizichunguza vipi?

2. Anayefua nguo katika taasisi yetu ana nafasi ya kusema mashine ikianza kubadilika? Mara ya mwisho alisikilizwa lini?

3. Tukipiga hesabu ya umeme, mashine ya kukaushia inatufaa siku zote, siku za mvua tu, au haitufai?

4. Je, kuna mahali tulipounganisha waya badala ya fyuzi? Tutaondoa hatari hiyo lini, na nani atahakikisha?

5. Barua yetu ijayo kwa wafadhili itaomba nini, na tunajuaje kwamba hicho ndicho kinachohitajika?